Ukuta wa Heshima

"Sasa mimi nipite wapi? Niote mabawa?"

Bi Zamda alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa tofali za bloku ulioziba uchochoro, beseni la vitumbua kichwani, mkono mmoja kiunoni. Swali lilikuwa la Injinia, lakini uso aliuelekeza kwa watu waliokwisha kusogea, maana pale Gongoni ugomvi usio na watazamaji huhesabiwa kuwa maongezi tu.

Injinia Nejati alimjibu kwa upole uleule anaoutumia kwa mitambo ya kazini. Alimwambia njia ipo, azunguke tu kwa mbele, apite kwenye cherehani ya Mzee Mabruki, akate kushoto, atatokea sokoni kama kawaida.

"Mmemsikia? Nizunguke. Mtu kazaliwa huko kwenye theluji, kaja Tabora juzi, leo ananielekeza mimi namna ya kuizunguka nyumba ya babu yangu. Uchochoro huu, Injinia, wamepita wapagazi na pembe za ndovu vichwani, wanatoka Ujiji. Hakuna aliyewaambia wazunguke."

Kwa asiyeijua Tabora, aambiwe mapema kwamba hakuna uchochoro mjini ambao hawakupita wapagazi. Ukiwaamini wenye nyumba wote, zile pembe zisingefika pwani mpaka leo. Zingekuwa bado zinazungushwa Gongoni na Mtendeni, zinaamkia wenyeji mlango kwa mlango.

Injinia hakubisha. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kubisha na mtu. Nyuma ya ukuta ule mama mkwe wake, Mama Dafrosa, alikuwa akifunga mizigo tangu alfajiri ili apande basi la kesho arudi kijijini, upande wa Sikonge. Na mkewe Advera alikuwa amemwambia, bila kupandisha sauti, jambo lililomtisha kuliko kama angepiga kelele, kwamba mama akipanda basi na yeye anapanda, na mapacha wao wachanga anawapakata. Mtu anayetazamia kuamkia nyumba tupu hawezi kuwa na hamu ya kujadili wapagazi.

Kwao Injinia ni Sivas, mji wa Uturuki wenye baridi na reli. Alikuja Tabora na wajenzi wa reli mpya, na yeye kazi yake ni ishara, zile taa nyekundu na kijani zinazoiambia treni ipite au isubiri. Mkataba ulikuwa mfupi na nia yake ilikuwa fupi vilevile. Kisha akaingia duka moja la vifaa vya umeme karibu na soko, akamkuta Advera nyuma ya kaunta, akanunua balbu. Kesho yake akanunua balbu. Alipokuwa amekusanya balbu za kuwasha mtaa mzima, naye anaishi chumba kimoja, Advera akamuuliza kama kuna kitu kingine anachokitafuta. Ndoa waliifunga bomani, kwa kuwa padri alikuwa na sharti lake na shehe naye na lake, na bomani walitaka vitambulisho tu.

Tangu hapo wanaume wa mtaa wakaingia msibani. Injinia akitoka kazini anarudi nyumbani. Hapitii mahali, hasimami kupunga upepo, hana rafiki mgonjwa wa kwenda kumjulia hali mpaka usiku. Anarudi nyumbani. Jumamosi anakwenda sokoni na mkewe, na kikapu anakibeba yeye, kweupe, mbele ya baraza lililojaa wanaume wazima wenye akili zao. Mapacha walipozaliwa akawa anafua nepi na kuzianika upande wa barabarani, kama bendera. Barazani walikubaliana kwamba amelishwa kitu, wakabaki kubishana ni kitu gani na kinapatikana wapi. Wanawake hawakujali kala nini. Waliridhika kumtaja kila jioni mbele ya waume zao, mpaka jina la Nejati likachukiwa na watu ambao hajawahi hata kuwakanyaga mguu.

Kuhusu majina ya watoto, alikuwa ameandaa la babu yake na la mwalimu wake. Akaarifiwa kwamba mapacha wa Kinyamwezi huja na majina yao, Kulwa na Doto, na kwamba hayo yake yamepokelewa kwa shukrani. Akakubali. Alikubali kila kitu. Ndiyo ilikuwa shida yake.

Basi Mama Dafrosa akaja kumuuguza binti yake, maana Advera alijifungua kwa upasuaji na hakuweza kuinama. Injinia akaenda kumpokea stendi akiwa amenyoa ndevu. Kwao mkwe mwenye adabu huushika mkono wa mama mkwe, akaubusu, akauweka juu ya paji la uso. Akafanya hivyo hivyo. Mbele ya makonda, wauza karanga na abiria wa magari yote, aliubusu mkono wa Mama Dafrosa na kuupandisha kwenye paji lake kwa unyenyekevu mkubwa. Mama Dafrosa, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kushikwa hata kidole na mume wa binti yake yeyote, aliangusha kifurushi cha michembe, viazi vile vikavu vikatawanyika chini ya basi, naye akajifunika kanga uso mzima mithili ya mtu aliyevamiwa na nyuki. 

Advera alicheka hadi akashika mshono. Kisha akamweleza mumewe kwamba huku mama mkwe haguswi, huheshimiwa kwa mbali. Akasinzia kabla hajaeleza ni mbali kiasi gani, kwa kuwa mzazi wa mapacha hulala pale usingizi unapomkuta.

Injinia hawezi kuishi na kipimo kisichojulikana. Asubuhi yake akaenda kuuliza kwa mtu anayejua, na kwa bahati mbaya, mtaani kwetu mtu anayejua ni Mzee Mabruki.

Mzee Mabruki ni fundi cherehani, na baraza lake ni chuo kikuu kisicholaza wanafunzi. Yeye si Mnyamwezi. Ni Mmanyema, babu wa babu yake alitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na msafara, akafika Tabora, akachoka, akabaki hapo. Mambo ya ukwe wa Kinyamwezi ameyaona misibani, kutoka kwenye mkeka wa wageni, huku akila pilau. Hayo yote hayakumzuia kufundisha.

"Mkwe na mama mkwe hawakutani, Injinia," alisema huku akikata uzi kwa meno. "Hata vivuli visigusane."

Waliokuwa wakinywa kahawa wakainamia vikombe ili wasionekane nyuso. Mzee akaona darasa limechangamka, akaendelea. Usimsikie akikohoa. Usikanyage alipokanyaga mpaka jua lipakaushe. Akienda bafuni wewe uwe umefumba macho, hata kama uko kazini. Kila sharti jipya lilivutia kikombe kingine cha kahawa, na Injinia alitikisa kichwa kwa makini, akapokea yote. Hata akasema kwamba jambo hilo analielewa vizuri sana, kwani ndiyo kazi yake: njia moja, treni mbili, zisikutane kamwe.

Wengine wangecheka wakaenda zao. Yeye alimwita Sixbert, fundi uashi, akamletea mchoro.

Ukuta ulijengwa kukata uwanja katikati, ukaendelea mpaka ukagota kwenye nyumba ya Bi Zamda na kuumeza uchochoro. Upande mmoja jiko, choo na mlango wa Mama Dafrosa. Upande wa pili Injinia na nepi zake. Palipobaki mlango wa pamoja, ule wa kuingilia chumba cha mzazi, aliweka taa mbili, nyekundu na kijani, na swichi kila upande. Mama akitaka kwenda kwa wajukuu anabonyeza, taa ya Injinia inakuwa nyekundu, Injinia anasubiri. Kusema kweli zilifanya kazi vizuri mno. Siku umeme ulipokatika zilihamia kwenye betri zenyewe, na Mama Dafrosa, anayetoka kijiji ambacho zahanati yake haina betri ya namna hiyo, alikaa akiitazama ile taa kwa muda mrefu.

Mtaa nao haukulala. Siku ya kwanza ilisemwa bibi ana kifua kikuu. Siku iliyofuata ikasemwa ni mchawi, na kwamba Injinia aliyagundua hayo kwa mashine. Kisha wakaibuka wenye akili zaidi, waliojua kwamba ukuta ule ni danganya toto, pale chini zimezikwa rupia za Mjerumani na yule bwana anachimba taratibu usiku, ndiyo sababu anawahi kurudi nyumbani kila siku. Hili la mwisho liliwapoza sana wanaume, kwa kuwa lilieleza kila kitu bila kumlaumu mtu yeyote kwa kutompenda mkewe.

Na sasa mizigo ilikuwa inafungwa.

"Kosa langu ni nini?" Injinia alikuwa amemuuliza Advera asubuhi ile. Taa haijakosea hata mara moja. Kivuli chake hakijamfikia mama, amehakikisha, jua la mchana na la jioni. Advera akajibu kwamba mama hasemi, anakunja nguo tu, na kama anataka kujua amuulize mwenyewe. Amuulize vipi, na kuonana hakuruhusiwi? Advera akamtazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka, akageuka kumnyonyesha Doto.

Ndiyo maana, Bi Zamda alipofika katika kumtaja babu yake wa tatu, Injinia alimkatisha. Akamwambia kwamba ukuta watauzungumza baadaye, kwa sasa anaomba msaada. Mama mkwe anaondoka na mke anaondoka na watoto wanaondoka, yeye hawezi kuingia kuuliza, na katika mtaa huu hamjui mtu mwingine anayeweza kuingia nyumba ya watu na kutoka na maelezo kamili.

Bi Zamda alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa sifa hakuwa amejiandaa. Alishusha beseni, akampa mwanamke wa jirani amshikie, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Ungesema mapema, Baba Kulwa," alisema, na ugomvi wa uchochoro ukafa hapo hapo bila mazishi.

Alizunguka. Alipita mbele, kwenye cherehani ya Mzee Mabruki, njia ileile aliyokuwa ameapa hataikanyaga, akaingia kwa Mama Dafrosa na kukaa huko mpaka vitumbua vikapoa na watazamaji wakaanza kuvinunua kwa kukosa kazi nyingine. Injinia hakukaa chini. Alitembea kutoka kwenye nepi mpaka kwenye taa na kurudi, akisikia sauti mbili za wanawake nyuma ya tofali zake, asiambulie neno. Aliujenga vizuri.

Bi Zamda alipotoka alisimama kwanza apate pumzi, na pumzi hiyo aliipatia mahali ambapo kila mtu angemsikia. Kwa kifupi, ingawa hakuisema kwa kifupi, habari ilikuwa hivi. Mama Dafrosa ana mkwe mwingine huko kijijini, anaitwa Valentino, mlima tumbaku, hana uinjinia wala nini. Valentino akimwona mama mkwe anakuja njiani hushuka kwenye baiskeli. Huiingiza baiskeli kwenye majani, naye huingia kwenye majani, yawe na umande, yawe na upupu, huvua kofia, huinamisha macho na kusimama hivyo mpaka mama apite. Watu wanaona. Kijiji kizima kinajua kwamba Dafrosa ana mkwe.

"Sasa nawaambia alivyoniambia mwenyewe," Bi Zamda alisema. "Kasema, 'Nimekuja mjini kwa mkwe wangu mkubwa, wa reli. Tangu nifike sijapishwa njia hata siku moja. Nikirudi nyumbani wakiniuliza mkwe alikuheshimuje, niwaambie kwa taa?'"

 Cherehani ya Mzee Mabruki ilisikika ikishona kwa bidii kubwa, na haikuwa na kitambaa.

Injinia akamgeukia taratibu. Mzee akainua mikono kabla hajaulizwa. "Mimi nilisema heshima," alisema. "Hayo ya tofali hukuniuliza."

 Maisha yake yote Injinia alikuwa amelipwa kuhakikisha vitu viwili havikutani, na katika mahesabu yake yote hakuwahi kufikiri kwamba kuna kukutana kunakohitajika ili mmoja apate kumpisha mwenzake. Alikuwa amemtunzia mama wa watu adabu yake ndani ya boksi, akalifunga, akaliwekea taa. Na yule mama alikuwa akibonyeza swichi kila siku, anatoka, anakuta uwanja mtupu, hakuna hata mtu mmoja wa kumwinamia.

Akaingia ndani, akatoka na nyundo kubwa.

Siku ya kujenga, Sixbert alikuwa peke yake na zege lake. Siku ya kubomoa ulijaa mtaa. Wale wa rupia walikuja mbele kabisa, kwa moyo wa kujitolea, wakaomba wapewe upande wa msingi. Bi Zamda, aliyekuwa akiudai ukuta huo uanguke tangu asubuhi, sasa alilalamika unavyoangushwa, kwamba unaanzia chini kama nani, utaniangukia, hizo bloku nzima msizivunje, mimi nina banda la kuku halijaisha. Mzee Mabruki alitoa maelekezo akiwa ameketi. Hakuna rupia iliyoonekana, jambo lililothibitisha kwamba Injinia ameshazihamisha. Nyundo ya Injinia ilipanda na kushuka bila kuongea na mtu, na jua lilipoanza kulegea uchochoro ulikuwa wazi, vumbi limetanda, na bloku nzima nzima zilikuwa zimejipanga zenyewe kwenye ua wa Bi Zamda.

Ndipo mlango wa Mama Dafrosa ukafunguka.

Alikuwa amekwisha kuoga. Alivaa kitenge kile cha kwendea misa ya sikukuu, kilemba kimekaa sawasawa, na mkononi ameshika ndoo, ingawa bomba lilikuwa ndani na kila mtu alijua. Akaingia uchochoroni. Injinia alikuwa akitokea upande wa pili na toroli la kifusi, kofia ya kazini kichwani, nyusi nyeupe kwa saruji.

Watu wote walisogea kwenye kuta za nyumba. Hakuna aliyeambiwa.

Injinia aliona. Aliacha toroli. Akatazama kulia, ukuta wa Bi Zamda. Akatazama kushoto, mfereji wa maji ya bafu la Bi Zamda, mweusi, wenye povu, usiojulikana kina chake. Kijijini Valentino ana majani. Mjini tuna tulivyo navyo. Akaingia mfereji kwa miguu miwili. Maji yakapita viatu yakashika soksi. Akavua kofia yake ya kazini, akaishika kifuani, akainamisha macho mpaka kidevu kikagusa shingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe," Mama Dafrosa alisema, ameugeuza uso pembeni na kuusogezea ncha ya kitenge, kama inavyotakiwa. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza. Akapita. Ukitaka kumjua mwanamke anayejua kupishwa, mtazame anavyotembea akipishwa: hakuna aliyepata kuona ndoo tupu ikibebwa taratibu namna ile. Katikati ya uchochoro alisimama kurekebisha kilemba kisichokuwa na tatizo. Akaenda mpaka kwa Mzee Mabruki, akaitika salamu za baraza zima, moja moja, akaulizwa hali ya kijijini, akaieleza. Kwa kuwa huko hakuwa na shida yoyote, akageuka kurudi. Injinia hakuthubutu kutoka. Alisimama mferejini na kofia yake kifuani, povu likimzunguka, na mama akapita mara ya pili, na safari hii hata wale waliokuja kuchimba rupia walivua kofia, sijui kwa nini.

Mlangoni, Advera alikuwa amesimama na Kulwa begani, anafuta machozi kwa kitambaa cha mtoto, hajulikani analia au anacheka.

Mama Dafrosa akasimama karibu na Bi Zamda. Kati yake na mkwe wake palikuwa na hatua chache tu, na kila neno lake Injinia alilisikia bila shida, lakini hakumsemesha yeye.

"Bi Zamda, nisaidie kumwambia mkwe wangu. Nimesonga ugali, kuna kuku, na nsansa, majani yetu yale makavu ya kunde, nimeyaunga kwa karanga. Nilipika nile kabla ya safari, lakini naona safari yenyewe imeingia mchanga. Advera afungue mzigo wa juu, bakuli la kutilia mboga liko humo katikati ya nguo. Mimi nitakula jikoni kwako."

Bi Zamda hakuwa amemkaribisha mtu jikoni kwake, lakini alikuwa tayari anawaza nani akae wapi. Akajikohoza. Akasogea mpaka ukingoni mwa mfereji, akajiweka sawa kama mtu aliyetumwa na serikali.

"Baba Kulwa," alitangaza, ili na wa Mtendeni wasikie, "mama mkwe wako anasema utoke humo, unawe miguu, uingie ndani ule."